Kabla hujasema maziwa hayatoshi

Usiku wa tatu baada ya kujifungua nilikaa kitandani mpaka alfajiri, mtoto analia na mimi nalia. Chuchu zote mbili zilikuwa zimechanika. Kila nikimsogeza kwenye titi nilikuwa nakunja vidole vya miguu nikisubiri maumivu. Mama mkwe wangu, aliyekuja Dar kutoka Moshi na ndizi zake za mtori, alisimama mlangoni akasema kwa upole, "Mwanangu, maziwa yako hayajatosha. Tumpe maji ya glukosi kidogo alale." Hakuwa na nia mbaya. Ndivyo walivyomfundisha naye alipozaa wa kwanza. Nikamwambia, "Mama, ngoja kukuche."

Kulipokucha alipita jirani yetu, nesi mstaafu, kunipa hongera. Hakuniuliza nimekula nini wala kama maziwa yanatoka. Alisema tu, "Hebu mnyonyeshe nione." Akatazama kama nusu dakika, akanawa mikono, akapitisha ncha ya kidole pembeni mwa mdomo wa mtoto ili aachie titi bila kulivuta. Kisha akatugeuza wote wawili.

Nilikuwa nimempakata mtoto chali, amegeuza shingo kulifuata titi. Wewe jaribu kunywa maji huku umeangalia begani, utaona anavyopata shida. Nesi akamlaza ubavu, tumbo lake limegusa langu, kichwa na mgongo mstari mmoja, pua yake mbele ya chuchu. "Sasa subiri apanue mdomo kama anayepiga miayo. Mlete mtoto kwenye titi, usimpelekee titi." Alipopanua, akamsogeza haraka. Kidevu kikazama kwenye titi, mdomo wa chini ukabinuka nje, na ule weusi unaozunguka chuchu ukabaki kuonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia siku zote tatu: anavuta mara mbili, anatulia, anameza.

Maumivu yalipungua palepale. Mpaka leo dada au rafiki akinipigia simu kwamba kunyonyesha kunamuuma, simuulizi chakula, namuuliza amempakataje. Mvuto wa sekunde chache mwanzoni ni wa kawaida siku za kwanza. Maumivu yanayoendelea muda wote anaponyonya mara nyingi yana maana mtoto amekamata chuchu peke yake, na hapo anakuumiza huku mwenyewe hashibi. Mtoe, mweke upya, hata mara tano. Vile vidonda nilivipaka maziwa yangu mwenyewe kila baada ya kunyonyesha, nikaacha yakauke kwa hewa kabla ya kuvaa.

Kuhusu kutosha. Siku mbili tatu za mwanzo kinachotoka ni dang'a, yale maziwa mazito ya njano, na yanatoka machache sana. Mimi nilikamua, nikaona kama kijiko cha chai, nikakata tamaa. Kumbe tumbo la mtoto mchanga nalo ni dogo mno, na dang'a ina kinga anayoihitaji kuliko wingi. Wako mabibi wanaoyaita machafu na kutaka yamwagwe. Usiyamwage hata tone. Maziwa mengi huja kati ya siku ya pili na ya nne, na yanakuja kwa sababu mtoto ananyonya mara kwa mara, mara 8 hadi 12 kwa siku nzima, usiku ukiwemo. Usiku ndipo homoni inayotengeneza maziwa inapokuwa juu zaidi, kwa hiyo ule mnyonyo wa saa nane unaokuchosha ndio unaotayarisha maziwa ya kesho.

Ndiyo maana nayaogopa maji. Mtoto akipewa vijiko vinne vya maji, tumbo limejaa na hanyonyi. Titi lisiponyonywa linapunguza kutengeneza. Baada ya wiki unasema maziwa hayatoshi, na kweli sasa hayatoshi. Watu watakwambia joto la Dar litamkausha koo. Maziwa ya mama yenyewe zaidi ya asilimia 80 ni maji, kwa hiyo akisikia kiu mnyonyeshe. Miezi 6 ya kwanza hahitaji maji, uji, wala dawa za mchango za kulambishwa. Dawa aliyoandikiwa na daktari ni jambo lingine.

Kilio hakipimi maziwa. Mtoto hulia kwa joto, gesi, usingizi, au kutaka tu kushikwa. Angalia nepi: kuanzia siku ya tano alowanishe 6 au zaidi kwa siku. Halafu angalia kadi ya kliniki. Watoto wengi hupungua uzito siku za kwanza, kisha huurudia uzito wa kuzaliwa kufikia wiki ya pili. Kama wako anapitisha hapo, au analala tu na kukataa titi, usisubiri tarehe ya kliniki, mpeleke. Na mwenzangu unayetumia ARV, usiache kunyonyesha kwa maneno ya mtaani, wala usiache dawa. Panga na nesi wako.

Titi likijaa likawa gumu kama jiwe, liweke kitambaa cha vuguvugu, kamua kidogo lilainike ndipo mtoto aweze kulishika, na baada ya kunyonya weka kitambaa cha baridi. Endelea kunyonyesha. Ukiona sehemu imekuwa nyekundu, inauma, na una homa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mimi nilivumilia siku mbili nikitetemeka chini ya blanketi, na sitaki mwingine avumilie.

Chakula? Uji wa pilipili manga, mtori, supu, vyote nilikunywa na vyote vilinipa nguvu. Mzazi ale ashibe, anywe kila anaposikia kiu. Lakini kilichonisaidia zaidi kutoka kwa mama mkwe ni kwamba baada ya ile asubuhi alichukua jiko na nguo zote, nami nikabaki na kazi moja tu. Alikaa nami mpaka arobaini. Kama una mume anayeuliza akusaidie nini, mwambie abebe mtoto akishashiba, akucheulishie, na apokee wageni sebuleni.

Kisha likizo inaisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatupa siku 84, au 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na ukirudi kazini mwajiri anatakiwa kukuruhusu hadi saa 2 za kunyonyesha kwa siku. Ziombe kwa barua kabla hujarudi, ukiitaja sheria kwa jina. Mimi niliomba kwa mdomo na kila siku ikawa mjadala, mpaka nilipoandika.

Nyumbani kwangu ni mbali na kazini, hivyo nilikuwa nakamua. Anza wiki mbili kabla ili mkono uzoee. Kidole gumba juu, cha shahada chini, nyuma kidogo ya ule weusi. Sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Usiivute chuchu. Siku za kwanza nilipata matone, wiki ya pili nikajaza kikombe. Maziwa hukaa saa 4 kwenye chumba cha nyuzi 25, ila chumba cha Dar mchana kinapita hapo, kwa hiyo yangu yaliingia kwenye deli dogo lenye barafu papo hapo, na jioni kwenye friji, ambamo hukaa hadi siku 4. Mtoto alinyweshwa kwa kikombe kidogo, maana kukisafisha ni rahisi kuliko chupa.

Siku ya kwanza dada wa nyumbani aliyamwaga yote. Alikuta mafuta yamepanda juu na maji yamebaki chini, akadhani yameharibika. Alinieleza kwa uso wa aliyeokoa maisha ya mtoto. Sikumgombeza, maana sikuwa nimemwonyesha. Kesho yake kabla ya kutoka tulisimama wote mbele ya friji, nikakiweka kikombe kwenye bakuli la maji ya moto kidogo, nikakizungusha taratibu mpaka yakachanganyika tena, nikamwonjesha.