Umenunua pikapu? Anza kazi chini ya gari

Ndugu yangu uliyenunua pikapu yako ya kwanza, najua macho yako yako wapi: kwenye bampa la chuma, rimu pana, taa za juu ya kebini na springi za kunyanyua mkia. Sikukatazi, maana nami napenda pikapu iliyosimama vizuri. Lakini nimekaa na magari haya miaka mingi, nikishusha kabichi na karoti za Mgeta hadi Morogoro mjini, na ninachokuomba ni kimoja: fuata mpangilio wa kazi. Pikapu ni gari la mzigo. Kila unachofunga juu kinadai kitu chini, na anayeanza na mapambo huishia kulipa mara mbili.

Kabla hujashika spana, shika kalamu. Tafuta kibati cha mtengenezaji, mara nyingi kiko ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, ukipige picha na kuandika herufi na namba zake kwenye daftari. Hilux mbili zinaweza kufanana bodi kabisa, moja ikawa LAN25 yenye injini ya 5L na nyingine KUN25 yenye 2KD. Ukifika Gerezani pale Dar es Salaam, au Kirinyaga Road kama uko Nairobi, ukasema tu unataka wota pampu ya Hilux, muuzaji mwaminifu atakuuliza Hilux gani, na asiye mwaminifu atakupa iliyopo. Ukiweza, nenda na spea ya zamani mkononi, ziwekwe mbili kando kwa kando juu ya kaunta, hesabu matundu, pima kipenyo, ndipo utoe hela.

Daftari hilo hilo ndilo litakaloandikwa kila oili, kila filta, tarehe na kilomita. Gari la mtumba lina historia usiyoijua, na kilomita za kwenye dashibodi usiziamini. Kwa hiyo chukulia kwamba hakuna kilichowahi kubadilishwa. Mwaga oili zote: ya injini, ya giaboksi, ya difu (lile bakuli la gia katikati ya ekseli), na kama ni foo-wili, ya transfa (giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma) na ya difu ya mbele pia. Badilisha maji ya breki, maana hunyonya unyevu hewani na kadiri yanavyozeeka ndivyo yanavyochemka mapema, jambo ambalo hutaki likukute kwenye mteremko. Kisha uliza kuhusu mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu zifunguke kwa wakati na pistoni. Injini za Toyota za 3L, 5L, 1HZ, 1KD na 2KD zote zina mkanda, na kitabu cha gari huutaka ubadilishwe kati ya kilomita 100,000 na 150,000 kutegemea injini na soko. Ukikatika, pistoni zinakutana na valvu, na hapo unazungumzia ovahauli, yaani kufungua injini nzima na kuijenga upya. Funga mpya leo, andika tarehe. Mwenye injini ya 1GD au 2GD ana mnyororo, kwa hiyo hilo halimhusu.

Kwenye difu, kuna jambo dogo ambalo fundi mzuri hulifanya bila hata kufikiri: analegeza kwanza nati ya kujazia, iliyo juu, ndipo anafungua ya kumwagia. Nati ya kujazia ikiwa imekwama kwa kutu na wewe umeshamwaga oili, gari halitoki hapo hadi uchomelee kitu juu yake au uitafune kwa patasi. Oili inapotoka, ikinge kwenye beseni safi na uiangalie kwenye mwanga. Ikiwa nyeupe-nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Difu ina tundu la kupumulia, na likizibwa na tope, difu iliyopata moto inapozama kwenye maji baridi ya mto hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji kupitia sili. Mpira mrefu wa kupumulia, kutoka kwenye difu hadi juu ya chesisi au ndani ya boneti, ni mradi wa bei ndogo kuliko yote, na kwa gari linalovuka mito wakati wa masika mimi ningeufanya kabla ya kufikiria mkonga, lile bomba la kuvutia hewa ya injini kutoka juu ya kebini.

Nizungumzie kuchemsha, kwa sababu hapa ndipo ushauri mbovu umejaa. Gari likichemsha, wapo watakaokwambia toa themostati, ile valvu ya joto inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta, uitupe, nchi yetu ni ya joto. Usikubali. Kwenye injini nyingi za Toyota, themostati inapofunguka kwenda kwenye rejeta, sehemu yake ya chini huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia zote mbili zinabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka tu bila kupita kwenye rejeta. Likitoka halijapakia utadhani umepona, kumbe kwenye mlima na mzigo linachemsha tena, na asubuhi injini haipati joto lake, inakula dizeli na kuzalisha masizi. Tafuta chanzo: rejeta iliyoziba, feni iliyochoka, mfuniko wa rejeta usioshika presha, au gaskiti ya silinda hedi. Na weka kuulanti halisi. Maji ya kisima, hasa ya ukanda wa pwani yenye chumvi, yanatafuna alumini ya ndani polepole hadi siku unafungua wota pampu na kukuta pangaboi limeisha.

Wenye 1KD na 2KD nina neno la pekee kwenu. Noseli za injini hizi, zinazopuliza dizeli kwenye silinda, zinakaa kwenye viti vyenye washa ndogo (pete bapa za chuma) za kuzuia moto wa silinda usipande juu. Washa zikichoka, gesi ya moto inavujia ndani ya mfuniko wa juu wa injini na kuchanganya masizi na oili. Masizi hayo yanageuka makaa, yanashuka hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuziba kichujio ambacho pampu ya oili inanyonyea. Injini inakosa oili huku kipimio kinaonyesha imejaa. Dalili ya mapema ni kelele ya chuma asubuhi unapowasha, au taa ya oili kuchelewa kuzima. Ukinunua gari lenye injini hii na hakuna anayeweza kukuonyesha kwamba washa zimewahi kubadilishwa, shusha sampu. Ni kazi ya siku moja, na kichujio kikiwa safi umenunua usingizi wako. Kikiwa cheusi, badilisha washa zote kwa pamoja, usibadilishe ya silinda moja.

Sasa springi, ambazo kila mwenye pikapu anazitamani. Utaambiwa ongeza jani moja, yaani bamba moja la chuma kwenye springi, mkia utapanda, gari litabeba zaidi. Mkia utapanda kweli. Kubeba zaidi ni habari nyingine. Jani jipya halikuongezea beringi, halikuongezea ekseli, tairi wala breki. Limeficha tu dalili ya mzigo kuzidi, maana gari halilali tena. Nimeona pikapu zimesimama kwa kiburi na magunia ya lumbesa mgongoni, huku chesisi inapasuka nyuma ya kebini.

Na kuna jambo ambalo gereji nyingi hazikwambii. Hilux za zamani, zile zisizo na mfumo wa kielektroniki wa kugawa breki, zina valvu kwenye chesisi juu ya difu ya nyuma, na ufito unaoshuka kutoka kwenye valvu hadi kwenye nyumba ya ekseli. Lala chini uutazame, utauona. Mzigo unaposhusha bodi, umbali kati ya chesisi na ekseli unapungua, ufito unasukuma valvu, na magurudumu ya nyuma yanapewa breki zaidi. Gari likiwa tupu mkia uko juu, valvu inapunguza breki ya nyuma ili magurudumu yasikwame na gari kuserereka. Sasa wewe umenyanyua mkia kwa springi ngumu. Unapakia tani nzima, lakini valvu inaona bado uko juu, inaamini gari ni tupu. Sehemu kubwa ya breki inafanywa na magurudumu ya mbele. Kwenye tambarare hutajua. Kwenye mteremko mrefu, pedi za mbele zinapata moto, pedo inakuwa laini, unanusa harufu ya kuungua, na nyuma yako kuna kilo elfu moja za karoti zinazotaka kufika kabla yako.

Kwa hiyo anayekufungia springi mwulize kabla hajaanza: utarekebisha ufito wa valvu ya breki? Akikutazama kama hajaelewa, tafuta mwingine. Ufito unarekebishwa, au kibao chake kinanyanyuliwa kwa kiasi kile kile mkia ulichopanda, halafu breki zinajaribiwa uwanjani, tupu na kwa mzigo. Angalia pia mpira wa breki unaoshuka kwenye ekseli usivutike gari likiwa juu ya jeki magurudumu yananing'inia. Yuboliti, zile boliti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, zifungwe mpya, zikazwe kwa zamu kona kwa kona gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, na zikazwe tena baada ya safari za kwanza za mzigo. Zitakuwa zimelegea, hilo ni la kawaida.

Tairi nitapita haraka. Soma ubavuni. Tarakimu nne za mwisho kwenye namba ya DOT ni wiki na mwaka: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye vidole (meno ya kushika barabara) vizuri lakini mpira wa zamani uliokaa juani dukani haifai kubeba mzigo. Soma pia namba ya uwezo: 110 ni kilo 1,060 kwa tairi moja, 108 ni kilo 1,000. Tairi pana za kupendeza za magari ya familia mara nyingi zina namba ndogo, na hapo urembo umekupunguzia mzigo.

Umeme ndio unaounguza magari. Taa mbili za wati 55 kwenye betri ya volti 12 zinavuta ampea zipatazo tisa. Hizo hazipiti kwenye swichi ya dashibodi. Zinataka rilei (swichi ya umeme inayobeba mkondo mkubwa kwa niaba ya ile ya dashibodi), waya mnene, na fyuzi iliyokaa karibu kabisa na betri, kwa sababu kazi ya fyuzi ni kulinda waya, na waya ulio kati ya betri na fyuzi hauna ulinzi. Ukitengenezesha keria au bampa, toa waya wa hasi wa betri kabla ya kuchomelea. Na usiruhusu mtu kutoboa au kuchomelea chesisi kwenye kingo zake za juu na chini, maana ndizo zinazobeba nguvu. Tumia matundu yaliyopo.

Hapa naomba unisikilize vizuri zaidi kuliko pengine pote. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Hata kwa dakika moja, hata kuokota nati. Sili ya jeki ya haidroliki haina taarifa inapoachia. Weka stendi mbili za chuma chini ya chesisi au ekseli, zuia magurudumu yaliyobaki chini kwa magogo au mawe mazito mbele na nyuma, sukuma gari kwa bega uone kama linacheza, ndipo uingie. Ukiwa na gogo tu, liwe pana, gumu, na lisimame kwenye udongo ulioshindiliwa. Matofali ya saruji yanapasuka ghafla, usiyatumie kabisa. Vumbi la breki nalo usilipulize kwa kompresa, lioshe kwa maji na sabuni, mapafu hayana spea.

Kuhusu fundi. Wengi wetu tunafanyia kazi gereji bubu chini ya mwembe, na humo wamo mafundi ambao masikio yao yanajua injini kuliko mashine za kupimia. Waheshimu. Kubalianeni bei ya kazi kabla ya boliti ya kwanza kulegezwa, nunua spea mwenyewe, na omba kila spea iliyotolewa uoneshwe. Fundi mwaminifu hakasiriki, atakushikisha na kukueleza ilivyokufa. Ukimkandamiza bei hadi asibaki na kitu, naye atapata njia ya kufidia, na utaijua njia hiyo ukiwa barabarani. Kaa karibu ujifunze, mshikie taa, lakini usimwamrishe kila hatua. Nawe uwe na zana zako. Toyota nyingi zinafunguka kwa spana namba 10, 12, 14, 17 na 19, na 21 ya nati za magurudumu. Nunua hizo nzuri kabla ya seti kubwa ya bei rahisi inayokula pembe za nati.

Kazi ikiisha, usipakie siku hiyo hiyo. Zungusha gari tupu nusu saa kwenye barabara unayoijua, madirisha wazi, redio imezimwa. Ukirudi, weka kadibodi safi chini ya injini na difu uone kama kuna tone. Kaza nati za magurudumu tena, kwa kuvuka-vuka. Kisha pitisha mgongo wa kiganja karibu na kila hab, kitovu cha gurudumu, bila kugusa. La kulia na la kushoto yanatakiwa kuwa na joto linalolingana. Lililo moto kuliko mwenzake lina breki inayoburuza au beringi iliyokazwa mno, na lirudi kwa fundi kabla ya gunia la kwanza.