Maswali yenu kuhusu 4,294,967,297

Inasomwaje, na imetoka wapi?

Bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, laki tisa na elfu sitini na saba, mia mbili tisini na saba. Ni 2 kwa kipeo cha 32, ukiongeza 1.

Kwa nini ina sifa kubwa hivyo?

Kwa sababu ilimwangusha mwanahisabati Fermat. Anza na 2, itafutie mraba, kisha mraba wa huo mraba: 2, 4, 16, 256, 65,536. Kila moja iongezee 1, upate 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote ni namba tasa, hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Mwaka 1640 Mfaransa huyo aliamini mtiririko hautakatika. Inayofuata ni hii yetu. Mwaka 1732 Leonhard Euler, kijana wa miaka 25 huko St. Petersburg, akaonyesha kuwa inagawanyika kwa 641.

Nitahakikishaje bila kikokotoo?

Chukua kalamu, hesabu hii ni tamu kuifanya kwa mkono. Namba yetu ni 65,536 mara 65,536, jumlisha 1. Gawa 65,536 kwa 641: ni 102, baki 154. Sasa achana na mabilioni, shughulika na baki tu. 154 mara 154 ni 23,716. Gawa tena kwa 641: ni 36, baki 640. Rudisha ile 1 tuliyoiweka kando, 640 inakuwa 641, na hakibaki kitu. Nimeirudia mara nyingi, na bado nikifika kwenye 640 moyo unaruka.

Kwani 641 hupatikana kwa kujaribu zote?

La. Kabla yake kuna namba tasa 115, lakini Euler alithibitisha kuwa kigawo tasa cha namba hii lazima kibakize 1 ukikigawa kwa 64. Hapo unabaki na 193, 257, 449, 577, halafu 641 yenyewe. Ya tano tu!

Ina vigawo vingine?

6,700,417, nayo ni tasa. Ukijumlisha 1 na namba yenyewe, vigawo vyote ni vinne.

Ni jumla ya miraba miwili?

Ndiyo, tena kwa njia mbili: mraba wa 65,536 na wa 1, au mraba wa 62,264 na wa 20,449. Namba tasa haina njia mbili kamwe. Kwa hiyo hata kama 641 isingejulikana, njia hizo mbili zingetosha kuiumbua.

Inahusiana na kompyuta?

Ni jirani tu. Biti 32, yaani nafasi 32 ambazo kila moja ni 0 au 1, hupangika kwa namna 4,294,967,296, na ndiyo idadi ya anwani zote za intaneti za mfumo wa IPv4. Yetu imezidi moja.

Mbele yake, kwenye mtiririko wa Fermat, kuna tasa nyingine?

Hadi leo hakuna aliyeipata ya sita, wala aliyethibitisha kwamba haipo.