Kwa wanaoanza anthropolojia: daftari lako ndiyo kazi yako

Wadogo zangu mliomaliza skuli hapa Unguja na Pemba mkachagua anthropolojia, yaani taaluma ya kusoma maisha na utamaduni wa watu, najua mnavyoulizwa nyumbani: utaajiriwa wapi? Tangazo la kazi lenye jina hilo hamtaliona mara nyingi. Tafuteni nafasi za utafiti, ufuatiliaji na tathmini, maendeleo ya jamii, afya ya jamii na uhifadhi wa urithi. Takwimu msizikimbie, kwani karibu kote huko mtazikuta.

Lakini kitakachowatofautisha na wengine ni kazi ya uwandani, yaani kukaa na watu unaowasoma. Mwanaanthropolojia Malinowski alikaa visiwa vya Trobriand, Papua Guinea Mpya, kwa vipindi viwili kati ya 1915 na 1918, akajifunza lugha ya wenyeji. Mwanafunzi wake Jomo Kenyatta akaandika juu ya Wakikuyu wenzake mwaka 1938. Kusoma watu wa kwenu si utafiti wa daraja la pili. Hatari yake ni kuacha kuuliza kwa kudhani unajua.

Chukueni mwani, uliolimwa kibiashara pwani ya mashariki ya Unguja tangu 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Ukienda Paje na dodoso ukamuuliza mama mbele ya wenzake kipato chake ni kiasi gani, atakupa jibu la heshima. Mfuate baharini maji ya bamvu yakishakupwa, umsaidie kufunga mbegu kwenye kamba. Mgongo ukianza kukuuma na wewe, atakwambia bei inayopangwa na mnunuzi, aina ya mwani iitwayo cottonii inayokufa maji yakipata moto, na nani nyumbani anashika pesa. Jioni ileile andika, kwa maneno yake mwenyewe. Akisema Kimakunduchi, kiache Kimakunduchi, usikisanifishe. Maoni yako yaweke ukurasa mwingine.

Kabla ya yote hayo, kibali cha utafiti, kisha kwa sheha, kisha kwa wazee. Msiruke hatua. Na visiwa vyetu ni vidogo: kubadilisha jina hakutoshi. Ukiandika "mkunga mzee wa kijiji fulani", kila mtu kijijini keshamjua, na ni yeye atakayeulizwa kwa nini alisema. Hili naliona zito kuliko mtihani wowote.

Anayedhani haya hayana faida akumbuke Ebola Afrika Magharibi, 2014. Familia zilikuwa zikificha maiti kwa kuogopa wapendwa wao wazikwe bila dua wala kuagwa. Wanaanthropolojia walishirikiana na madaktari kutafuta mazishi ambayo ni salama na yenye heshima. Daktari anajua jinsi virusi vinavyoenea. Aliyekaa na wafiwa anajua kwa nini wamefunga mlango. Hospitali zetu, miradi ya maji na hoteli zinazojengwa ufukweni zinamhitaji mtu wa aina hiyo.

Basi likizo ya kwanza ombeni kazi ya udodosaji kwenye utafiti wowote unaofanyika wilayani kwenu, hata wa wiki moja. Na mkihojiana na mwajiri, mwelezeni mlichokisikia ambacho dodoso halikukiuliza.