Dari linavuja, mwenye nyumba yuko Maskati

Wapangaji na wenye nyumba wa Zanzibar wanauliza, nami najibu.

Nimepanga ghorofa ya pili Malindi, Mji Mkongwe. Masika haya dari linavuja, plasta inadondoka. Mwenye nyumba yuko Maskati, kila nikimpigia ananambia "subiri nije".

Usisubiri, bibie. Nyumba hizo ni mawe, chokaa na boriti za mikoko, na boriti huanza kuoza pale ncha yake ilipozama ukutani, mahali usipopaona. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la Mji Mkongwe, iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, na lile ni jumba la serikali. Mpelekee video, si malalamiko: "Chumba cha kaskazini, maji yameanza jana usiku, boriti ya tatu imepinda, nimehamisha kitanda. Nani hapa Unguja anaweza kuja kuangalia leo?" Swali hilo la mwisho ndilo muhimu, maana mwenye nyumba wa ng'ambo asiye na mtu wa kumwakilisha hapa ni kama hayupo. Boriti ikishapinda, chumba hicho msilale. Na akija mwashi na mfuko wa saruji, mzuieni: saruji juu ya chokaa hufungia unyevu ndani. Matengenezo makubwa yanataka kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, na hilo ni jukumu la mwenye nyumba.

Mpangaji wangu wa Fuoni ananipigia saa sita usiku kwa sababu ya balbu. Nizime simu?

Usizime. Siku waya ukianza kunuka utataka akupigie. Kubalianeni kwa maandishi: waya kuungua, bomba kupasuka, choo kufurika, mlango wa nje kutofunga, piga saa yoyote. Balbu ingoje asubuhi. Umemwonesha meni swichi ya umeme na koki ya simtanki? Wenye nyumba wengi hawaoneshi, halafu wanalaumu.

Niko Chake Chake. Nimemlipa fundi bomba, mwenye nyumba hataki kunirejeshea. Kodi nimeshalipa ya miezi sita.

Ulimwarifu kabla? Kama ndiyo, mpelekee ujumbe ule, risiti na picha za bomba kabla na baada. Akikataa, nendeni kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wenu. Kama hukumwarifu, hapo itabidi umbembeleze.

Ufunguo wa akiba ninao. Naweza kuingia na fundi mpangaji akiwa kazini?

Hapana, labda maji yawe yanamwagika, na hata hapo piga simu kwanza. Mkewe huenda yumo ndani hajajistiri. Toa taarifa jana yake, na usimpangie fundi Ijumaa mchana.