Sitiari za vita kwenye habari za mashujaa wa michezo: itikadi inakaa wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Naandika tasnifu ya umahiri kuhusu sitiari za magazetini, upande wa habari za wanamichezo mashujaa. Nimekusanya makala za kutosha na karibu zote ni vita tu: kushambulia, ngome, silaha, kuteka. Nimehesabu nikajaza jedwali, msimamizi kaniandikia pembeni "sawa, itikadi iko wapi?" Hapo ndo nimekwama.

Jibu: Marahaba. Swali la msimamizi wako ndo lenyewe, tasnifu nyingi za aina hii zinafia hapohapo kwenye jedwali. Vita kwenye michezo imeshachakaa, mtu akisoma "mshambuliaji" haoni bunduki, anaona namba ya mchezaji uwanjani basi. Kwa hiyo hizo zilizozoeleka zitenge, usizitupe ila usizijengee hoja, halafu zinazobaki ziulize vitu viwili: hii sitiari inamkabidhi nani ushindi, na inamfuta nani?

Chukua Abebe Bikila, mkimbiaji wa Ethiopia, marathoni ya Olimpiki ya Roma 1960. Jamaa ni askari wa kikosi cha walinzi wa mfalme Haile Selassie, anakimbia peku, na njia inapita kwenye mnara wa Aksum, ule ambao Italia iliuchukua Ethiopia mwaka 1937. Anashinda kwa saa 2:15:16. Ukatokea msemo uliorudiwa sana, kwamba Italia ilihitaji jeshi zima kuiteka Ethiopia lakini Ethiopia imehitaji askari mmoja tu kuiteka Roma. Hiyo sasa ni vita yenye kazi, maana nyuma yake kuna vita ya kweli, uvamizi wa 1935, na ushindi unatoka miguuni kwa mtu mmoja unaenda kwa taifa na kwa mfalme. Anayefutwa ni nani? Kocha wake Onni Niskanen, Msweden, na mazoezi yote waliyofanya, maana jeshi la ukombozi halina kocha wa kigeni.

Ila kuna sitiari ya pili juu ya mtu huyohuyo, nayo haina hata harufu ya vita: mtoto wa milimani, swala, kipaji cha asili. Inasikika kama sifa, na mimi naiona mbaya kuliko ile ya kwanza, kwa sababu inafuta kazi yote, kama vile mtu alizaliwa tayari anakimbia. Bikila 1964 kaenda Tokyo, kavaa viatu, wiki chache tu baada ya kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, kashinda tena kwa 2:12:11. Peku haikuwa siri ya chochote. Ukiishia kuhesabu maneno ya vita, hii utaikosa kabisa.

Na usidhani itikadi ni ya upande mmoja. Mabondia Joe Louis, Mmarekani mweusi, na Max Schmeling, Mjerumani: 1936 Schmeling anamwangusha Louis raundi ya 12, magazeti ya Ujerumani chini ya Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, yanaufanya ni ushindi wa rangi. Juni 1938 wanarudiana Yankee Stadium, Louis anammaliza raundi ya kwanza, na sasa ngumi zake zinakuwa ngumi za demokrasia. Huyo mbeba demokrasia bado ni mtu mweusi kwenye Marekani ya ubaguzi wa kisheria, na Schmeling mwenyewe hakuwa mwanachama wa chama cha Nazi. Sitiari moja imefunika mambo mawili kwa mpigo.

Sasa cha kufanya kwenye data yako. Kwa kila shujaa tafuta makala za siku aliyoshinda na za siku aliyoshindwa, ziweke jozi, halafu angalia viambishi vya nafsi kabla hata ya sitiari. Siku ya ushindi ni "tumewasambaratisha", kesho yake amepoteza na imekuwa "ameshindwa kuhimili", ile "tu" imeyeyuka na shujaa kaachwa peke yake. Mesut Özil, mwanasoka Mjerumani mwenye asili ya Uturuki, alilisema hili mwenyewe 2018 alipojiuzulu timu ya taifa ya Ujerumani, kwamba tukishinda yeye ni Mjerumani, tukifungwa ni mhamiaji. Pale kiambishi kinapobadilika ndo uangalie sitiari nayo imebadilikaje, askari wa taifa akigeuka msaliti au mzigo, hapo umeshika kitu cha kumwonyesha msimamizi. Jozi kumi zilizosomwa hivi kwa makini zina uzito kuliko vichwa vya habari mia tano vilivyohesabiwa.

Angalizo moja tu, usiandike kwamba mhariri "alikusudia" hiki au kile. Hujui alikusudia nini, mara nyingi alikuwa anakimbizana na muda wa kwenda mtamboni na akachukua sitiari iliyokuwa karibu. Andika inachofanya sentensi kwa msomaji, hicho unaweza kukithibitisha kwa maandishi yaliyo mbele yako, na kwenye utetezi hakuna atakayekubana.