Rosterman: kabla ya tiketi, watu waambiwe ardhi ilikwendaje

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: migodi ya zamani ifunguliwe kwa watalii, au ifukiwe kwa usalama wa watu? Mimi nimeolewa Lurambi, na mtu wa Lurambi ukimtajia mgodi wa zamani anawaza Rosterman tu, mgodi wa dhahabu uliochimbwa na kampuni hapa Kakamega enzi za ukoloni. Jibu nililoketi kuliandika lilikuwa neno moja: fukieni. Vijana wamewahi kufukiwa na udongo katika mashimo ya Kakamega, na sitaki kuona basi la wageni limeegeshwa mahali watu walipofia.

Lakini niwaeleze siku tuliyokwenda. Ilikuwa Jumamosi ya likizo ya Agosti, na mpango ulikuwa kuwapeleka watoto Ilesi wakalione Jiwe la Kulia. Tukiwa tayari stendi, wifi yangu akageuza: "Hilo jiwe litatungoja. Twendeni Rosterman." Hakuna aliyebisha. Tukapanda boda, na kabla ya saa nne asubuhi tulikuwa tumefika.

Hapakuwa na lango wala kibao. Misingi ya zege iliyoachwa na kampuni imemezwa na nyasi, na hatua chache kutoka hapo watu wanachimba hadi leo. Kijana mmoja alikubali kututembeza. Alituonyesha shimo lililoshikizwa kwa magogo, lenye kamba ya kuteremkia, akatueleza kwamba kampuni ilifuata mkanda wa jiwe jeupe lenye dhahabu na wao wanachokonoa kilichobaki kwenye kuta. Watoto wakataka kuchungulia. Niliwashika mashati.

Chini ya turubai kina mama walikuwa wakiponda mawe kwa nyundo. Mmoja, mtoto mgongoni, alikuwa akikorogea zebaki kwenye karai la mchanga uliosagwa, mikono mitupu. Zebaki ndiyo inayoikamata dhahabu. Baadaye ile tonge huchomwa juu ya makaa, zebaki ikapaa kama mvuke, na anayeuvuta ni huyo huyo anayepuliza moto pamoja na mtoto wake. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyosimama kwenye shimo.

Wifi akamwamkia kukhu (yaani bibi kizee) mmoja aliyekuwa ameketi kando: "Mulembe, kukhu." Akatuuliza sisi ni wa boma la nani, na tulipomtajia akatukaribisha tukae. Babake alikuwa kibarua wa kampuni, na kabla ya hapo alikuwa na shamba papo hapo. "Baba alikuwa akitusimulia kwamba walikuja na vigingi," alisema. "Unaamka asubuhi, kigingi kiko katikati ya mtama wako. Ukiuliza, unaambiwa dhahabu si ya mwenye shamba." Akainua nyundo akatuonyesha mpaka wa shamba lao, kutoka mti mmoja hadi upande wa chini kabisa, kana kwamba bado analilima. Kisha akamgeukia mwanangu mkubwa: "Mama, huko shuleni wanawafundisha hayo?" Binti yangu akasema hapana. Kukhu akaendelea kuponda.

Niliporudi Nairobi nilitafuta, nikakuta simulizi yake inalingana na yaliyoandikwa. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuahidi kwamba ardhi za hifadhi, yaani maeneo waliyotengewa Waafrika, zitabaki mali yao milele: ikichukuliwa, baraza la wenyeji liulizwe kwanza na ardhi nyingine itolewe badala yake. Mwaka uliofuata Mmarekani aliyekuwa mlowezi Turbo, L. A. Johnson, akapata dhahabu Kakamega, na walowezi walioumizwa na mdororo wa uchumi wakamiminika. Desemba 1932 sheria ikarekebishwa. Kuuliza baraza kukaondolewa, ardhi ya badala ikaondolewa, mwenye shamba akabakiziwa fidia ya pesa. Milele yenyewe haikufika hata miaka mitatu! Kampuni ya Rosterman ikachimba kuanzia 1935 hadi 1952, ikatoa takriban wakia 250,000 za dhahabu.

Sasa nikisoma niliyoandika hapo juu, siwezi tena kusema fukieni. Kijana aliyetutembeza anajua kila ukuta wa shimo lile, na kukhu anajua kila kigingi. Pakifukiwa, vijana watahamia Ikolomani kuchimba kwingine, na habari ya vigingi itaishia kwa wazee waliobaki, ambao ni wachache. Basi pafunguliwe. Ila mgeni asiteremshwe shimoni kwa bei yoyote. Atazame akiwa juu, kama wanavyofanya kule Kimberley, Afrika Kusini, kwenye Shimo Kubwa la almasi lililofungwa 1914. Na maelezo yaanze na ile sheria ya 1932, ndipo yaje kwenye wakia na mitambo. Watembezaji wawe wachimbaji wenyewe, walipwe. Sheria ya Madini ya 2016 inaigawia jamii asilimia 10 ya mrabaha (malipo ya mchimbaji kwa serikali kwa madini anayotoa), kaunti 20 na serikali kuu 70; pesa ya kiingilio isigawanywe hivyo, sehemu kubwa ibaki Lurambi. Na kabla ya mgeni wa kwanza, kina mama wapewe vifaa vya kuchomea zebaki ambavyo havitoi mvuke nje.

Bado kuna jambo linanizuia kusema ndiyo moja kwa moja. Kimberley hakuna anayechimba chini ya macho ya mgeni. Rosterman watu wanakula kutokana na mashimo yale wiki hii hii. Pakizungushwa ua kwa ajili ya utalii, wale kina mama watapondea wapi mawe yao? Kaunti iwajibu wao kwanza, kwa maandishi. Kama haina jibu, lango lisijengwe.

Msomaji, Nairobi