Maswali kwa Fundi: Programu Uliyoikubali Bila Kujua

Mwezi huu nimeulizwa jambo moja kwa sura nyingi: kompyuta imejaa programu ambazo mwenyewe hakumbuki kuziweka, na kinga, yaani programu ya kuzuia virusi, inasema hakuna kitu. Nimechagua maswali matano.

Fundi, salaam. Nilipakua programu ya bure ya kugeuza faili za PDF ili nitayarishe mitihani. Tangu siku hiyo kivinjari kinafungua ukurasa wa kutafutia nisioujua, na matangazo ni mengi. Nimepitisha programu mbili za kusaka uchafu, zote zinasema kompyuta ni safi. Je, zimeharibika? — Mwalimu, Kisauni

Hazijaharibika, mwalimu. Tatizo ni kwamba, kwa maandishi, wewe ulikubali. Ulipokuwa ukisakinisha ile ya PDF ulipita ukurasa wenye kisanduku kilichokwisha tiwa alama, na chini yake maneno madogo kwamba unachukua pia programu nyingine mbili tatu. Ukabonyeza Next, kama sote tunavyobonyeza tukiwa na haraka. Kinga imefunzwa kumkamata mwizi avunjaye dirisha. Huyu amepita mlangoni, mkononi ana barua yenye sahihi yako.

Kuna na suala la sheria. Kampuni za matangazo ziliwahi kuwapeleka mahakamani watengenezaji wa kinga kwa kuzizuia programu zao. Zango ya Marekani iliishtaki Kaspersky mwaka 2007, na mwaka 2009 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba Kaspersky ilikuwa na kinga ya kisheria. Hata hivyo watengenezaji wengi waliendelea kutembea kwa tahadhari. Uchafu wa aina hii wakaupa jina la upole, "programu ambazo huenda huzitaki", na baadhi yao hawaugusi mpaka wewe mwenyewe uwashe sehemu hiyo.

Sasa kazi. Mimi huanza na tarehe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika appwiz.cpl, kisha bofya kichwa cha safu ya tarehe ili orodha ijipange. Tafuta siku uliyoweka ile ya PDF na utazame nini kiliingia pamoja nayo. Ondoa moja moja, na usome kila dirisha, kwa sababu nyingine hukuuliza kwa ujanja ili ubonyeze kitufe cha kuibakiza. Tarehe peke yake isikutoshe, maana hubadilika programu ikijisasisha. Zenye jina la Microsoft Visual C++ na zile za printa ziache zilivyo.

Ukimaliza hapo, ingia kwenye kivinjari ufute viendelezi (extensions, vile vijiprogramu vinavyoongezwa ndani ya kivinjari) usivyovijua, urudishe na ukurasa wako wa kutafutia. Mwisho ndipo upitishe AdwCleaner, ambayo ni ya bure na imetengenezwa mahsusi kwa uchafu huu. Na ndani ya Windows Security, kwenye App & browser control, fungua Reputation-based protection uhakikishe kuzuia programu zisizotakiwa kumewashwa. Kwenye kompyuta nyingi za zamani ninazoletewa, nakuta kumezimwa.

Mimi nina saiba Mwembe Tayari, mashine sita. Mashine mbili nimeziondolea kila kitu, lakini kila asubuhi nikiwasha yule mdudu amerudi. Nimechoka. — Mwenye saiba

Pole, kaka. Kabla ya yote, mashine hizo mbili zisitumiwe na mteja kwa huduma za serikali kama iTax wala eCitizen mpaka ziwe safi. Watu wanakuachia nywila zao bila kujua nini kinasikiliza nyuma ya skrini.

Kinachorudi asubuhi kina mahali kinapolala. Mara nyingi ni Task Scheduler, ile ratiba ya Windows ya kazi zinazojianzisha zenyewe. Ifungue, tazama kazi zenye majina ya herufi zisizo na maana, au zinazoita faili iliyo ndani ya AppData, folda iliyofichwa ambamo programu huweka vitu vyao. Programu uliiondoa kweli, ila kazi moja ndogo iliachwa ya kuipakua upya kila mtu akiingia. Wengine huacha mbili zinazolindana: ukiua hii, ile inaifufua. Ndiyo maana kazi hii naifanya kompyuta ikiwa kwenye Safe Mode, ile hali salama inayowasha vitu vya lazima tu, na intaneti imekatwa. Shikilia Shift huku ukibonyeza Restart, utaipata njia ya kuingia huko.

Chombo ninachokitegemea ni Autoruns ya Microsoft. Kinaonyesha karibu kila kitu kinachojianzisha, kuanzia huduma na kazi za ratiba hadi viungo vya ndani vya Windows. Kiambie kifiche vya Microsoft, ubaki na orodha fupi. Usifute mara moja. Ondoa alama ya tiki kwanza, washa kompyuta upya, uone. Nimewahi kuona kijana amefuta kwa pupa, kompyuta ya mteja ikakataa hata kuunganika na Wi-Fi.

Kuna maficho mengine matatu ambayo kinga huyapita. La kwanza ni ile ikoni ya kivinjari kwenye skrini ya mwanzo (desktop). Bofya kulia, fungua Properties, tazama mstari wa Target. Ukikuta anwani ya tovuti imebandikwa baada ya chrome.exe, ifute. La pili, andika chrome://policy kwenye Chrome. Kama kompyuta ni yako mwenyewe na pale pana amri inayolazimisha kiendelezi, ujue imepandwa kwenye rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio yake, na kiendelezi hicho hakitafutika mpaka amri iondoke. La tatu linasahauliwa sana: akaunti ya Google iliyoachwa wazi kwenye kivinjari. Unasafisha mashine, unaingia tena, na kiendelezi kilekile kinashuka kutoka kwenye akaunti. Kwa saiba, wateja watumie kivinjari kwa hali ya mgeni.

Pembeni mwa skrini yanajitokeza maandishi kuwa kompyuta yangu ina virusi vitano nilipie sasa hivi. Nilipie? — Mwanafunzi, Tudor

Usilipe, mwanangu. Kwa kawaida hiyo si programu kabisa. Ni tovuti uliyoiruhusu siku moja ikutumie arifa, pengine ulipokuwa ukitafuta mechi ya bure. Ndani ya mipangilio ya kivinjari, kwenye faragha, fungua Notifications na ufute kila tovuti usiyoijua. Dakika mbili tu.

Nafanya kazi ya kliaringi Shimanzi. Nimenunua laptopu mpya kabisa, bado haina hata wiki, tayari ina programu za matangazo. Mpya nayo huwa na uchafu? — Msomaji

Huwa nao, na hapa ndipo kikulacho ki nguoni mwako. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Lenovo. Mwishoni mwa 2014 iliuza laptopu zenye programu ya matangazo iitwayo Superfish, na Februari 2015 ikabainika kwamba programu hiyo iliweka cheti chake, ile hati ya kidijitali inayothibitisha kuwa tovuti ni ya kweli, kwenye orodha ya vyeti vinavyoaminiwa na Windows. Hivyo iliweza kujipenyeza hata kwenye kurasa za benki zenye alama ya kufuli. Zaidi ya hayo, walioiondoa programu walibaki na cheti. Kilihitaji kuondolewa peke yake.

Sisemi yako ina jambo kama hilo. Lakini wewe unashughulikia nyaraka za mizigo za watu, kwa hivyo nakushauri usihangaike kuchambua. Chukua flashi ya gigabaiti 8, pakua Media Creation Tool kutoka kwa Microsoft, usakinishe Windows upya. Leseni ya laptopu iliyokuja na Windows kwa kawaida imo ndani ya mashine yenyewe, itajitambua. Weka nakala ya faili zako kwanza.

Simu yangu matangazo yanatokea hata sijafungua kitu, na kredit inaisha. Nimeirudisha kama mpya, wapi! — Mama, Likoni

Mama, kama umeirudisha kama mpya na hukusakinisha chochote, huenda uchafu umo kwenye mfumo wenyewe uliotoka nao dukani. Imewahi kutokea: mwaka 2020 simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Ghana, Misri na kwingineko Afrika zilikutwa na programu za Triada na xHelper, zinazomuunganisha mtu na huduma za kulipia bila idhini yake. Kampuni ilimlaumu msambazaji ambaye hakumtaja.

Iwashe kwenye hali salama uone kama matangazo yanakoma. Yakikoma, mkosaji ni programu iliyoongezwa baadaye, nayo inaondoleka. Yasipokoma, tafuta risiti uirudishe dukani, na leo hii hii itoe laini yako ya M-Pesa uiweke kwenye simu nyingine. Mtandao wako nao uupigie, wakusomee huduma zote za kulipia ulizounganishwa nazo, wazikate.